Mkwe Haingii kwa Daktari

Mkojo wa baba mkwe wangu ulikuwa umeziba tangu jana yake, tumbo limevimba, jasho linamtoka. Nikamleta kutoka Namtumbo hadi Songea mjini, kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo, nikaingia naye ndani.

"Unaumwa wapi, mzee?"

Akanitazama. "Mgongo."

Akaulizwa tena. "Mgongo!"

Nikapandwa na hasira. "Baba, sema ukweli, utakufa!"

Akanizaba kofi, akaipiga meza teke, vyombo vikatapakaa sakafuni. Nilipomkamata mikono, akaning'ata bega mpaka damu, huku analia.

"Mtoe mkwe wangu nje!" akamfokea daktari.

Nikatoka. Mlango ulipofungwa tu, nikamsikia akitaja kila kitu, tena kwa jina lake.