Kopo Lililofichwa Ukutani Kwangu

Ulikuwa mwaka wa chai ya chumvi. Aliyekuwa Bujumbura anajua nasema mwaka gani. Sukari ilipotea madukani, ikawa inaonekana kwa mafungu madogo kama dawa, na sisi tukatia chumvi kwenye chai, wengine tangawizi, wengine hawakutia kitu, wakanywa hivyo hivyo wamekunja uso. Mandazi yalikufa. Nimeuza mandazi Nyakabiga tangu mtoto wangu wa kwanza yuko mgongoni, na mwaka ule nikageuka muuza sambusa za viazi, maana nyama ilikuwa ya wenye harusi. Jioni tulikula ugali wa muhogo na mchicha wa lengalenga, na juu yake dagaa wetu, ndagala chache, za kunusa tu. Esansi, petroli yenyewe, nayo haikuwepo. Magari yalilala kwenye foleni siku nyingi mpaka wenyewe wakayasahau. Mji mzima ulitembea kwa miguu, na watu wanaotembea kwa miguu wanaangaliana sana.

Mjukuu wangu, huyu niliyemlea tangu tumzike mama yake, alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Niandike tena, watu wasome vizuri: chuo kikuu. Mimi niliishia darasa la tatu, na nyumbani kwetu hakuna aliyefika hata karibu na mlango wa kule. Yeye ameingia. Nikimwona anatoka asubuhi na mfuko wake mgongoni, huwa nasimama barabarani ili majirani wanione nikimwangalia.

Mfuko ule ndio ulioniletea mambo. Siku moja niliufungua nikitafuta nguo za kufua. Vitabu havikuwamo. Kulikuwa na glovu za mpira, tochi, kioo kidogo chenye mpini, kile kikoleo cha kung'olea nyusi, kalamu mbili na vifuko vya plastiki vya kufunga midomo. Mfuko wa fundi, au wa mwizi, au wa mchawi. Nikamwita kwa jina ambalo bibi humwita mjukuu wake wa kike.

"We mukemwenza, unaibaga wapi?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Akanieleza.

Ni mchezo. Aliutoa mtaa wa Kinindo, kwa madamu mmoja mgeni ambaye watoto wake yeye anawafundisha Kiswahili. Wenyewe wanauita jeokeshi, mimi nauita mchezo wa makopo. Mtu anaficha kopo mahali. Simu inamtajia namba za mahali pale, anazituma kwenye intaneti, na mwingine yeyote duniani anaweza kuzifuata mpaka abakize hatua tano, sita. Hapo simu inakuwa kipofu, na mtu anatafuta kwa macho yake. Glovu ni za matundu yenye nge. Kioo ni cha kuchungulia chini ya mawe. Kikoleo ni cha kuvuta karatasi iliyokunjwa kwenye chupa ndogo. Ndani ya kopo kuna kidaftari: unaandika jina na siku, unarudisha kila kitu kama ulivyokikuta. Ukipenda shanga au sarafu ya mbali iliyomo, chukua, lakini acha kitu cha thamani ile ile. Chakula hakiwekwi, kinaleta panya. Kisu hakiwekwi, kuna watoto. Na kubwa kuliko yote, mpita njia asikuone.

"Asikuone?"

"Asikuone, bibi. Mutu akipita, unajifanya unafunga kamba ya kiatu. Ama unaongea na simu."

"Mu mji huu?"

"Ni muchezo tu."

"Mutu akiinama pembeni ya ukuta ya watu, anaangalia huku na huku, mu mji huu, unasema ni muchezo?"

"Bibi, we unaonaga mabaya tu."

"Mi naonaga yenye iko."

Lakini alikuwa mjukuu wangu, na macho yake yalikuwa yanawaka kama siku ile matokeo ya shule yalipotoka. Jumamosi iliyofuata nikafunga kitenge changu kizuri nikamfuata mpaka Kinanira, kule mlimani kusini. Tulipanda polepole. Simu yake ilituzungusha kwenye ukuta wa mawe unaozuia udongo wa barabara usiteremke. Akatafuta juu, akatafuta chini, akaingiza kioo chake. Nikakaa kwenye jiwe nikaangalia ukuta. Mimi nimeishi na kuta. Mawe yote yalikuwa na ukungu wa kijani wa mvua, isipokuwa moja, kavu kwenye kingo, na siafu walikuwa wanalizunguka badala ya kupita juu yake.

"Ile," nikasema.

Lilikuwa lile. Nyuma yake kichupa cha plastiki, ndani karatasi. Mtoto alinikumbatia pale barabarani, akaniambia kuna watu wana miaka kwenye mchezo na hawana jicho kama langu. Nilijisikia kama nimefaulu mtihani wa taifa. Akanionyesha majina: yule wa ndege, huyu wa samaki, wote ni majina ya bandia. Ni watu wachache wa mji huu na wageni waliopita, wengi hawajaonana hata uso. Wanashukuriana kwenye simu. Kopo likilowa, mmoja anakwenda kukausha la mwenzake bila kuombwa. Nikaona ni watu wa adabu. Kisha akanipa kalamu.

"Saini, bibi. Usiposaini haihesabike."

"Jina langu siandiki."

"Basi ya bandia."

Nikamrudishia kalamu nikaanza kuteremka. Alidhani naona haya kwa sababu mwandiko wangu ni wa kuku. Sikumwambia njiani. Nilimwambia nyumbani, nikikoroga unga, bila kumwangalia. Nilipokuwa msichana, mtu mmoja alikuja mtaani kwetu na karatasi ya majina. Alikuwa mpole. Alisimama mlangoni akasoma jina la kaka yangu lote, na la baba yetu, bila kukosea hata herufi. Kaka yangu aliitika kwa furaha. Alidhani ni kazi aliyoomba. Alivaa shati akaenda naye. Shati hatukuliona tena, na yeye pia.

Ndiyo maana hutakuta humu jina la mtu.

Mjukuu alisema pole bibi. Lakini vijana wanasikia mambo haya kama habari za nchi nyingine. Baada ya wiki mbili akataka kuficha kopo lake mwenyewe. Kanuni inasema uombe ruhusa kwa mwenye mahali, na mahali alipopataka ni kwangu: ukuta wa nje wa kiwanja chetu, upande wa njia ya maji, penye tofali linalotoka kama jino. Nilikubali. Niseme ukweli, nilikubali kwa majivuno. Nilisikia kwamba watu wa Ulaya watafuata namba mpaka kwa muuza sambusa wa Nyakabiga.

Alichukua kopo la maziwa ya unga, akalipaka rangi ya udongo, akatia kidaftari kwenye kifuko. Kanuni inataka kopo liandikwe nje kwamba ni mchezo, watu wasiogope, na mwenye kopo aweze kupatikana. Wenzake wanaweka jina la bandia. Yeye ni mtoto wa hapa. Tangu shule ya msingi amejaza kila karatasi kwa njia moja: jina, jina la baba, jina la mama, mtaa, avenyu, namba ya nyumba. Akajaza kifuniko kama fomu, kwa mwandiko mzuri. Nikakisifu.

Wakaanza kuja. Kijana na mke wake. Mgeni mrefu mwenye kofia. Madamu wa Kinindo mwenyewe, ambaye alinunua sambusa kumi na kunipa mkono. Wengine hawakunisalimia, maana kanuni ni usionekane. Waliinama, wakafunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka, wakaangalia huku na huku, wakatia mkono ukutani, wakaondoka haraka. Mimi nilikuwa nimekaa na karai langu ng'ambo ya njia nikicheka peke yangu.

Ng'ambo hiyo hiyo yuko fundi baiskeli. Siku moja akauliza bila kuinua uso kwenye cheni:

"Mama mukubwa, watu yako wanatafutaka nini mu ukuta?"

"Ni muchezo ya mutoto."

"Ah." Akazungusha pedali. "Mi najua ni muchezo. Wengine ndio wanauliza."

"Wengine nani?"

"Wengine."

Kuanzia hapo nilisikia mtaa unavyopoa. Jirani wa kushoto alikuwa anakuja kuomba moto kila asubuhi, akanunua kiberiti. Mama wa duka aliita watoto wake wasicheze karibu na ukuta wetu, akawaita kwa sauti ya kawaida, na hiyo sauti ya kawaida ndiyo iliyonishtua. Msikitini mama mmoja alinisalimia akiangalia mikono yangu. Sambusa zilianza kubaki.

Kisha akaja mwanamume wa viatu safi. Alikaa kwenye kigoda cha fundi, hakuwa na baiskeli. Mwaka ule viatu vya kila mtu vilikuwa vyekundu kwa vumbi, hata vya wenye vyeo, kwa sababu mji wote ulitembea. Vyake vilikuwa vyeusi na viking'aa mpaka kwenye soli. Maana yake alishushwa na gari kona ya karibu. Maana yake kuna mahali alikuwa na esansi wakati hakuna mwenye esansi. Alikaa siku tatu. Fundi hakumwongelesha. Mchana alikunywa Fanta polepole, akiangalia ukuta wangu kama mtu anayesoma.

Siku ya nne hakuja. Nilikwenda kutazama. Tofali lilikuwa mahali pake, lakini ule upande wenye alama ya moto, ambao siku zote unatazama ndani, ulikuwa unatazama nje.

Mjukuu alikuwa darasani. Nilitoa kopo nikalificha chini ya kitenge, nikaingia nalo jikoni. Kidaftari kilikuwamo. Kifuniko kilikuwapo, na mwandiko wake mzuri: yeye, baba yake, mama yake aliyekufa, avenyu, namba. Nilisema bismillahi nikatia kidaftari kwenye makaa. Kilikataa kushika kwa sababu ya unyevu, nikakipepea kama napepea mgonjwa. Kifuniko nilikisugua kwa mchanga mpaka bati likawa jeupe.

Aliporudi alinusa. Alipoona majivu alilia kwa hasira.

"Bibi! Ile kitabu ni ya watu! Wameandika mulemule, wengine wametoka mbali, apana kuchoma kitabu ya watu!"

"Ni ya watu. Ndiyo sababu nimechoma."

"Wataniona mi ni mutu gani?"

"Watakuona uko muzima. Hiyo inatosha. Watakuona."

Nikamwonyesha tofali. Nikamwambia habari ya viatu. Hakubisha tena. Akachukua simu, akaandika kwenye ule ukurasa wao kwamba kopo la Nyakabiga limefungwa, mtu asije kutafuta bure. Hata akiogopa, mtoto ana adabu. Mimi nikachanganya saruji kidogo nikaziba tundu. Kama yule mwanamume alisoma kifuniko au hakukisoma, sijui mpaka leo.

Yule mwanamume alikuja kesho yake saa nne asubuhi, mafuta yakiwa yameshapata moto. Mjukuu hakuwa na somo siku ile. Alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango.

"Salam alekum, mama."

"Alekum salam. Sambusa ngapi?"

"Sikuje kula."

"Basi sogea, unanizibia wateja."

Hakukuwa na mteja. Akatabasamu. "Kulikuwa kopo hapa."

"Makopo iko mingi. Maziwa tulikunywaka zamani, wakati iko sukari."

"Na watu wenye walikuwa wanaingiza mukono?"

"Wengine wanakojoaga pale. Hata we ukibanwa, ukuta ndiyo ile."

Fundi alicheka, halafu akameza kicheko chake kama kidonge. Mwanamume hakugeuka. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya sinia langu, pembeni ya sambusa. Ilikuwa imeshaandikwa yote. Chini palikuwa na mstari mtupu.

"Mama, si kitu kubwa. Inasema tu we unajua kopo ilikuwa ya nani. Unaweka jina yako hapa, inaisha."

"Na huyo mwenye kopo, naye inaisha?"

Mwanamume alikuwa anaangalia nyuma yangu. Pazia langu ni fupi, haligusi chini. Sikuhitaji kugeuka kujua anaona nini: miguu miwili na ndara za bluu za mjukuu wangu, zimetulia kabisa.

Nilishika kiti changu nikakivuta mpaka mbele ya mlango, nikakaa, nikatandaza kitenge upana wangu wote. Mimi si mtu mwembamba.

"Mutu mwenye hana kitu ya kuficha," akasema polepole, "anaandika jina yake."

"Jina langu siandiki."

Alikunja karatasi yake, mara moja, mara mbili, mara nne. Mafuta yalikuwa yameshaanza kulowesha kona. Akasema atarudi, akaniita mama tena, akaondoka kwa miguu mpaka kona. Tukasikia gari linawaka.

Siku ile ile nilimwambia mjukuu aende Kinindo akae kwa madamu mpaka nimwite. Alikataa. Alisema hataniacha peke yangu na sinia. Tuligombana, nikamtukana, akanitukana kidogo kwa adabu, akabaki. Sijui nilifurahi au nilikasirika. Nilimpikia chai akainywa na chumvi yake bila kukunja uso.

Alhamisi yule mwanamume alirudi. Viatu vilikuwa vile vile, safi. Karatasi ilikuwa mpya, haina mafuta. Safari hii alikuja na kalamu, akaiweka yeye mwenyewe mbele yangu, ncha yake ikinielekea. Fundi alikuwa ameingiza baiskeli zake ndani na kufunga. Nyuma yangu pazia halikutikisika, lakini nilisikia mtu anapumua.

"Mama," akasema, "leo kalamu nimeleta mi mwenyewe."

"Jina langu siandiki."