Nilipokataa Udaktari kwa Adabu

Kikohozi ndicho nilichokisikia kwanza, kabla sijamwona mwenyewe. Kilitoka nyuma ya mlango wa ofisi ya serikali karibu na Kilindini, kikavu, kikianza kwa mkwaruzo na kuishia kwa mluzi, nami nje kwenye benchi nikaanza kukitibu. Pumu, nikasema moyoni. Kilipokuja cha pili nikabadili, kifua kikuu. Cha tatu kikanipeleka kwenye moyo. Mtu yule alikuwa ameshakufa mara mbili mikononi mwangu kabla sijaitwa ndani, na ujuzi wangu wote wa tiba ulikuwa kitabu kimoja cha biolojia kisicho na jalada.

Ilikuwa miaka michache tu baada ya uhuru. Nafasi za chuo cha udaktari huko bara zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, na katika mtaa wetu wa Kibokoni niliyeitwa kwenye usaili ni mimi peke yangu. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Saini yangu nilishaifanyia mazoezi isisomeke, kama ya daktari. Shangazi naye alishaniletea magoti yake niyatazame. Niliyabonyeza, nikatikisa kichwa kwa uzito, akaondoka ameridhika.

Asubuhi ile Mama alinifukiza udi mpaka shati na tai ya kuazima vikanukia harusi.

"Mwanangu, usende ukajisifu mbele za watu wazima," akaniambia.

"Na wakiniuliza kama naweza?"

"Sema wapo wanaoweza zaidi. Wao wenyewe ndio watakaokusifu."

Ndivyo tulivyolelewa. Ukiingia nyumba ya watu Mji wa Kale ukawekewa halua, hunyooshi mkono. Unasema umeshiba. Mwenye nyumba akikukaribisha mara ya pili, unashukuru na kusema kweli umeshiba. Mara ya tatu ndipo unapochukua kipande, kwa uso wa mtu aliyezidiwa nguvu, na huku tumbo linanguruma. Anayechukua mara ya kwanza husemwa mpaka Ijumaa.

Nyuma ya meza walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa Mzungu, ndiye mwenye kikohozi, mashavu mekundu kwa afya. Kushoto kwake afisa wa wizara kutoka bara, na kulia daktari Mhindi mwenye miwani, mzaliwa wa Mombasa. Niliwapa mikono wote, nikawauliza hali zao na za watu wa majumbani kwao, mmoja mmoja, kwa Kiingereza changu cha kitabuni. Mwenyekiti alitazama saa.

Maswali ya figo na mzunguko wa damu niliyajibu vizuri. Naweza kujisifu leo kwa kuwa Mama hasikii. Kisha mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Unafikiri unaifaa nafasi hii?"

Hapo ndipo nilipong'ara. Niliinamisha macho. "Wapo wengi wanaofaa kuliko mimi, bwana."

Afisa aliinua kichwa. "Kwa hivyo hutaki kuwa daktari?"

Mara ya pili hiyo. Roho yangu ilishaanza kucheka. "Kama nafasi ni chache," nikasema, "apewe mwenzangu mwenye haja zaidi."

Kalamu tatu ziliandika kwa pamoja. Pangaboi lilizunguka juu yetu, likipekua pembe za karatasi. Nilikaa wima kwa uso wa mgeni aliyeshiba, nikingoja mara ya tatu. Haikuja. Mwenyekiti alifunga faili langu.

"Ahsante kwa kusema ukweli. Unaweza kwenda."

"Basi nakubali," nikasema.

"Unakubali nini?"

"Nafasi."

"Hakuna aliyekupa nafasi, kijana."

Daktari Mhindi alivua miwani, akafunika macho kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Aliwaeleza wenzake habari ya halua, vizuri kuliko ambavyo ningeieleza mimi. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili cha kwetu.

"Na mgonjwa akiwa anakata roho, watu wake wakaja kukuita, utawaambia umeshiba?"

Jibu nilikuwa nalo. Ningemwambia kwamba naitaka nafasi ile, kwamba ni siku ya tatu silali kwa kuitaka. Maneno yalipanda mpaka kooni, yakaikuta adabu imeketi pale, yakaona haya kuipita.

"Utakavyoona wewe, daktari," nikasema.

"Mimi naona urudi mwakani," akajibu, si kwa ukali. "Na uje na njaa."

Niliinuka. Kwetu mtu hawapi wakubwa mgongo, kwa hivyo nilirudi kinyumenyume, nikagonga kabati la mafaili, nikaliomba radhi. Nikamuaga mwenyekiti na kumtakia afya. Nikamuaga afisa na kumwomba awasalimie watu wake wa bara nisiowajua. Zamu ya daktari ilipofika nilikuwa nimeshavuka kizingiti. Nilifungua mdomo, na karani wa mlangoni aliyeniita ndani, ambaye muda wote huo alikuwa ameshika kitasa akingoja, akanifungia mlango.