Tarishi wa Mtaa Wetu

Tarishi wetu wa posta ni mkimbizi kutoka Syria. Hufunga ushungi wa buluu, husoma kila bahasha kwa kunong'ona, na vidole vyake vimepasuka kwa baridi ya Ujerumani. Jirani yangu Lothar humpokea bila kumtazama. Jumatatu tarishi alimletea barua ya kupokelewa kwa sahihi.

"Mpe Mjerumani ailete," Lothar akafoka.

"Mtaa huu ni wangu, Bwana Lothar. Hata kesho nitakuja mimi."

"Kwenu hakuna barua za kupeleka?"

"Kwetu ni hapo nyuma ya kanisa. Za huko nimeshapeleka."

Theluji ikimwangukia mabegani, alisimama palepale, kalamu ameinyoosha, mpaka Lothar akatia sahihi. Mimi niliyezoea kumcheka tarishi pamoja na Lothar, siku hiyo nilimfungulia lango langu kabla hajafika.