Mlango wa nyumba ya muzungu uliokuwa wa mama yangu

Wakuu, heshima kwenu. Niko Kolwezi, Kiswahili chetu cha huku mtakivumilia. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na hata pale ninapoonekana mbaya sitaficha.

Mimi ni seremala. Mji ulipoamua nyumba ya muzungu mmoja, kati ya wale wa mwanzo kujenga hapa, iwe musée, yaani makumbusho, niliitwa kutengeneza madirisha.

Nilipata kazi, na nikapata wivu.

Msicheke. Nilimwonea wivu muzungu aliyekwisha kufa. Kila ubao wa nyumba yake uliandikiwa namba. Kigae kikilegea, mtu anakishusha kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Na nyumba ya mama yangu? Shaba ilionekana chini ya mtaa wetu. Mashine zikaja asubuhi, kufika mchana pale kwetu palikuwa wazi. Leo ni shimo. Mama aliokoa kitu kimoja tu: mlango.

Sasa sikieni. Mlango huo marehemu baba aliununua kwenye nyumba ile ile ya muzungu. Alikuwa jardinier, mtunza bustani pale, na wazungu wa mwisho walipoondoka waliuza vitu. Baada ya kubomolewa, mama aliuegemeza ukutani kwenye nyumba ya kupanga, akanikataza kuugusa.

Siku moja Mama Chantal, msimamizi wa musée, akatuuliza mafundi kama kuna anayejua mlango wa mbele ulikwenda wapi. Alikuwa na picha yake. Niliutambua palepale.

Nikamwambia ulichomwa kuni zamani.

Siwadanganyi, nilijisikia vizuri. Nyumba ya muzungu nayo ikose kitu.

Wiki iliyofuata akabandika karatasi ukutani: mlango wa asili ulichomwa na wakazi. Fundi mwenzangu akasoma, akasema ndivyo tulivyo, hatujui kutunza.

Moto ukanipanda. Kisha nikakumbuka uongo ule ulitoka kinywani mwangu.

Jioni nikamweleza mama, nikitegemea atakuwa upande wangu. Akaacha kuchambua maharagwe.

"Tata yako alikuwa anapakala ule mulango mafuta kila mwaka," akasema. "Na weye unasema tulichoma?"

Akauelekezea kidole mlango pale ukutani.

"Beba, upeleke. Lakini baandike jina yangu."

Kesho yake tuliupeleka kwa pousse-pousse, mkokoteni wa kusukuma, mama akitembea pembeni. Nilikiri yote. Mama Chantal hakunifokea. Alimuuliza mama ulikaa kwake tangu lini, akahesabu, na ikaonekana mlango umekaa kwetu miaka mingi kuliko kwa muzungu. Akayaandika hayo, na jina la mama.

Siku ya ufunguzi wakubwa walikuja na tai zao. Mama alisimama mlangoni na kikwembe chake kipya cha kitenge. Wale wakasita, hawakumjua ni nani.

Akaufungua mwenyewe. "Karibuni. Nyumba ni ya muzungu. Mulango ni yangu."

Wakuu, wivu haujaniisha. Nikipita kwenye lile shimo bado unanikaba. Ila nimejifunza: nilitaka kumkosesha muzungu, nikamchafua baba yangu.

Huko kwenu, nyumba za nani zinatunzwa, na za nani zinachimbwa? Na ingekuwa ni ninyi, mngeutoa mlango? Semeni ukweli, hata wa kuniumiza.