Betri Juu ya Sponji

Mume wangu mikono yake imebarikiwa. Shida ni kichwa. Mletee kochi lililobonyea, miguu imelegea, kitambaa kimechanika, atalifufua mpaka mwenye nalo asilitambue. Lakini mwambie jambo moja tu la kumlinda, utaongea na ukuta. Mtaa mzima humwita Fundi, na mimi pia humwita hivyo tukiwa na amani. Nikimwita Baba Watoto, anajua ameharibu.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye mlango mmoja. Karibu na mlango kuna rundo la sponji na cherehani yangu, ninayoshonea foronya za viti. Katikati kuna meza ya kukatia, na chini yake debe la gundi. Nyuma kabisa linakaa kochi lililokamilika, likimsubiri mama mkwe.

Ndiyo, mama mkwe. Kwetu kochi halitoki mpaka mama yake Fundi alilalie. Akipitiwa na usingizi, limefaulu. Akigeukageuka, Fundi analifungua upya na habishi, kwa sababu mgongo wa yule mama haujawahi kumdanganya. Miguu yake haina nguvu siku hizi, kwa hiyo tunamshika huku na huku mpaka afike.

Fundi alivuta sigara tangu ujanani. Daktari alipomwambia mapafu yamechoka, wifi yangu akamnunulia kaka yake sigara ya umeme, ile ya kutoa betri na kuichaji pembeni. Ilikuja na betri mbili nene kama kidole gumba, chaja yake, na kiboksi cha plastiki. Muuzaji alimweleza nikiwa nimesimama hapo hapo: tumia chaja hii, inakata umeme yenyewe betri ikijaa. Iweke juu ya kitu kigumu kisichoshika moto, usiiache peke yake. Betri ya akiba ikae kwenye kiboksi, isigusane na chuma. Fundi akaitikia "sawa, sawa," macho yako dirishani.

Haki ya Mungu, kikohozi kilipungua. Kisha mguu wa kochi ukaisaga ile chaja, na bwana akaenda kujinunulia nyingine kwa mchuuzi wa barabarani. Ilikuwa nyepesi kama kiberiti kitupu, haina jina la aliyeitengeneza, haina maandishi yoyote.

"Fundi, hii taa mbona haigeuki kijani?"

"Bado inakula, mke wangu."

"Inakula tangu asubuhi! Ina minyoo?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Na unajua aliiweka wapi? Juu ya sponji. Kwa fundi wa makochi, kitu cha thamani huwekwa juu ya sponji: miwani, simu, kioo cha mteja. Mezani kitagongwa na nyundo, sakafuni kitakanyagwa. Basi akailaza pale kwa heshima zote, akaifunika na kipande cha kitambaa isiingie vumbi.

Siku hiyo Fundi alikuwa ametoka na mkokoteni kumpelekea mteja kiti. Mama alikuwa nyuma kwenye kochi jipya, anakoroma. Mimi nashona. Nikasikia harufu kali yenye utamu utamu, nikadhani ni gundi. Kisha kitu kikaanza kutoa sauti, sssss.

Nikainua kile kitambaa. Ngozi ya betri ilikuwa imejikunja, sponji chini yake imegeuka kahawia na kudidimia, na ile taa bado nyekundu.

Nikazima soketi. Sauti haikukoma.

"Mama! Mama, amka!"

Hakusikia. Kochi lilikuwa limefaulu vizuri mno siku hiyo, jamani. Nikaangalia mlango, nikaangalia rundo la sponji, nikamwangalia yule mama kule nyuma. Sponji ikishika moto, mlango umeziba, naye hana miguu ya kukimbia. Hata nimwamshe, nimpitishe wapi? Ilibaki njia moja, kuitoa ile sponji yenyewe.

Betri ilikuwa kwenye kipande cha juu kabisa. Nikakamata pembe ya mbali nayo, nikavuta kinyumenyume, roho mkononi. Kikakwama kizingitini. Nikavuta tena huku napiga kelele, "Pisheni! Pisheni njia!" Nilipokifikisha mtaroni nikakiachia na kuruka pembeni, betri ikapasuka pwaa! Moto mweupe ukatoka, na sponji nzima ikaliwa mbele ya macho yangu, moshi mweusi tii. Nililia, wala sioni haya kusema.

Fundi aliuona moshi akiwa mbali, akautelekeza mkokoteni na kuja mbio.

"Mama!"

"Yuko ndani. Amelala."

Akaingia, akatoka, uso umempauka. Akautazama mtaro. Mkono ukaenda mfuko wa shati, mfuko ule wa kifuani ambamo mafundi wenzake wote huweka misumari midogo ya kupigilia kitambaa. Nikasikia misumari ikigongana. Hapo ndipo nikakumbuka.

"Baba Watoto, betri ya pili iko wapi?"

Mkono ukasimama.

"Usiuguse huo mfuko. Vua shati."

Vidole vyake vilishindwa na vifungo. Mkasi ulikuwa unaning'inia shingoni mwangu, nikalipasua shati kuanzia shingoni hadi chini na kulilaza kwenye saruji. Misumari ikamwagika pamoja na betri, ganda lake limechanwa na ncha. Ilikuwa na joto, na ilikuwa imelala juu ya moyo wa mume wangu. Nilimchapa kofi la bega, kisha nikamkumbatia kifua wazi pale pale barabarani, watu watazame wakichoka waende.

Tulirudi kwa yule muuzaji pamoja. Betri iliyochanika akaipokea, akasema haifai tena. Safari hii maswali niliuliza mimi, mpaka akajifuta jasho. Tukachukua betri mpya na chaja iliyotengenezwa kwa betri za aina ile, yenye jina la mtengenezaji na volti zake zimeandikwa, na tukaisubiri pale dukani mpaka taa ikageuka kijani. Sasa inakaa juu ya kigae, mbali na sponji, na ikiwa kwenye umeme hakuna anayetoka.

Ila mama. Tangu alipojua yaliyotokea akiwa amelala, usingizi ulimkimbia. Alijinyoosha macho makavu, anakitazama kigae. Fundi alilifungua kochi zima bila kukuta kosa.

"Mgongo hauna neno, mwanangu," akamwambia. "Ni macho yanayokataa."

Fundi akasimama. Akachomoa chaja kabla haijafika kijani, betri akaifungia kwenye kiboksi, waya akauzungusha, akampa mama yake mkononi.

"Ishike mwenyewe, mama."

Akakaa sakafuni miguuni pake, sigara yake imezima, anameza mate na haombi kitu. Nikasimamisha cherehani. Mama alilala, chaja ameibana kifuani.