Mtunza Maua Aliyefungiwa Nje

Tulikuwa watu watano pale Nakuru, watu wazima na kazi zetu, na tulikuwa tukiandika pamoja hadithi moja ya safari za anga. Mmoja anaandika sura, anamtumia mwenzake kwa simu, naye anaendeleza. Sura zikitosha tunatoa nakala chache kwenye duka la fotokopi na kugawana, maana wasomaji wetu tulikuwa sisi wenyewe. Sheria ilikuwa moja, na tuliishika kuliko tulivyowahi kushika Kwaresima: mhusika ni wa aliyemuumba. Unaweza kumletea kimondo mlangoni, lakini huruhusiwi kumuua wala kumtilia maneno kinywani.

Mmoja wetu, rafiki yangu, alikuwa akikata waridi kwenye shamba la maua Naivasha. Mhusika wake alikuwa mtunza maua wa chombo chetu, msichana mwenye ulimi mkali kama wake, aliyekuwa akimfokea nahodha avue viatu kabla ya kukanyaga bustani. Katika sura yake ya mwisho alimtoa nje kuziba bomba, mlango ukajifunga nyuma yake. Akanitumia na ujumbe: "Haya, zamu yako. Nitoe huku nje." Kabla sijaandika neno, nimonia ikamchukua.

Tulimzika kwao Kabazi. Baadaye wenzangu wakapendekeza mtunza maua afe kishujaa, aagwe kwa heshima zote. Nilikasirika. Niliwaambia tumeshamzika mara moja na inatosha, na hadithi ikalala hapo.

Siku moja nikampelekea mama wa marehemu nakala zetu. Nilimkuta akichambua maharagwe. Kumbe bintiye alikuwa akimsomea sura kwa simu kila Jumapili baada ya kanisa.

"Na yule wa maua," akaniuliza, "walimfungulia?"

"Bado, mama."

"Sasa mnangoja nini? Huko nje si ni baridi?"

Niliporudi nyumbani niliiandika sura hiyo nikilia. Nahodha alifungua mlango, kisha akavua viatu bila kuambiwa. Mtunza maua akaingia, akapita katikati ya watu, akachukua mkebe wake wa maji. Wote walisimama wakingoja awafokee.

Tumeandika sura nyingi tangu hapo. Bado anamwagilia maua yake, na hajasema neno.