Naliombea, Mama

Fundi kufuli wa mtaa wetu alikuwa na jina lake zuri tu la ubatizo, ila sisi tulishalisahau. Tulimwita Naliombea. Ukimpelekea kufuli lililovunjikiwa na ufunguo ndani, kabla hajagusa tupa wala jiliwa la kubania chuma, atafumba macho, midomo itacheza kidogo, ndipo aanze kazi. Ukimuuliza kama kesho atafungua kibanda, anakwambia, "Naliombea." Ukimuuliza kama chai yake iwe na maziwa au iwe kavu, jamani, hata hapo unayaona macho yanaanza kujifumba.

Lakini tusimcheke sana. Kibanda chake cha kwanza alikifungua kwa pupa, bila kupiga goti, na juma halikuisha upepo ukaondoka na paa zima. Tangu siku ile aliapa kutopiga hatua bila ruhusa ya juu. Alikuwa mcha Mungu wa kweli, na muoga wa kukosea kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Sasa kanisani kwao neno hilo lilikuwa na kazi ya pili. Mwenzako akikuomba jambo usilolitaka, humwambii hapana, utaonekana huna upendo. Unamwambia "naliombea", naye anaelewa, anakwenda kutafuta mtu mwingine. Fundi mwenyewe aliwajibu hivyo watu wa kwaya walipomtaka aimbe besi, na hakuna aliyerudi kumuuliza Mungu amesemaje. Kwa hiyo mdomoni mwake lilikuwa neno moja lenye sura mbili, na yeye hakuwahi kujiuliza msikilizaji anaona ipi.

Mama yake alikuwa mjane, akiishi mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi, kwenye chumba cha kupanga. Alifundisha shule ya Jumapili ya kanisa hilohilo, tawi la huko, mpaka macho yakaanza kumtupa mkono. Mwaka huo mwenye nyumba akaiuza, wapangaji wote wakaambiwa watoke mwisho wa mwezi. Basi Jumapili moja, baada ya ibada, mama akampigia mwanawe simu na hakupindisha maneno.

"Baba, naomba nije nikae kwako. Sioni vizuri tena, na kukaa peke yangu naogopa."

"Naliombea, mama," fundi akasema.

Mama akasema, "Haya, baba. Amina," akakata simu. Fundi akafurahi kweli kwamba wameshikana mikono katika maombi.

Na kuomba aliomba, hilo simnyimi. Mkewe alikuwa mshonaji, cherehani yake ilikaa chumba cha nyuma, akasema ataihamishia sebuleni siku hiyohiyo na kitanda kiingie. Akamuuliza mumewe kimebaki nini cha kuombea hapo. Fundi akajibu kwamba moyo haujatulia. Wao wanakaa ghorofa ya pili, na ngazi zile hata mwenye macho mazima hujikwaa. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Alimtaka mama yake mno. Kila akipiga magoti alisikia ndani yake, "Mlete, mlete," na hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Je, hiyo ni sauti ya Mungu au ni tamaa yake mwenyewe imejifunika shuka?

Akaomba ishara. Alimwambia Mungu kwamba mteja wa kwanza asubuhi akiwa mwanamke, basi mama aje, akiwa mwanamume, asije. Asubuhi wakaingia mtu na mkewe, bega kwa bega, mlango ukiwabana, wakigombana nani kapoteza ufunguo. Lo! Akafunga na kuomba siku tatu, na siku ya tatu, kichwa kikimgonga, akamchongea muuza duka ufunguo usiofungua chochote duniani. Akaenda kwa mchungaji. Mchungaji akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema ni jambo zito, wataliombea. Fundi akarudi nyumbani njia nzima akijiuliza mchungaji amekusudia lipi, lile la kuomba au lile la kwaya.

Kila Jumapili aliongea na mama kwenye simu. Walisalimiana, waliulizana afya, na la kuhama mama hakuligusa tena. Fundi akaona hiyo ndiyo imani. Mkewe akamwambia, "Chelewa chelewa, utamkuta mama si wako." Akadhani anataniwa.

Siku mbili kabla ya mwezi kuisha, mkewe alikuja kibandani, akaweka ufunguo wa nyumba yao juu ya meza. Akasema, "Chonga wa mama," akaondoka zake. Fundi akaufunga kwenye jiliwa, akachukua tupa, akachonga. Alipopuliza vumbi la chuma ndipo aliposhtuka kwamba hajafumba macho. Na moyo ulikuwa mtulivu kuliko wiki zote zile. Hata hilo likamvuruga. Huenda ndilo jibu, huenda amesahau tu kuomba. Akafunga kibanda, akapanda basi akiwa na swali lake vilevile.

Alikuta chumba kimebaki kitanda tu. Mama amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni la kanisani, na pembeni yake mjane mwenzake aliyefundisha naye shule ya Jumapili anafunga begi. Gari la kukodi lilikuwa nje. Mama akamtambua kwa hatua zake, akamshika mkono, akamwambia huyu dada amempa nafasi kwake, ameshamtandikia na kitanda, wanakwenda kuzeeka pamoja. Alifurahi kwamba fundi amekuja kumuaga.

"Mama, nimekuja kukuchukua," fundi akasema. Akamwekea ufunguo kiganjani.

Mama akaupapasa, jino moja baada ya jingine. "Si ulikataa?"

"Sikukataa. Nilisema naliombea."

"Ndiyo, baba. Nikakuelewa. Sikutaka kukusumbua tena."

Fundi akaeleza kwamba aliomba kweli, alifunga, alikwenda mpaka kwa mchungaji, alisubiri Mungu amwambie. Mama alimsikiliza bila hasira hata chembe, na afadhali angekasirika. Kisha akamrudishia ufunguo. Ahadi aliyompa mwenzake hakuweza kuivunja.

"Naamini uliomba," akasema. "Ila mimi siku ile sikumwomba Mungu, mwanangu. Nilikuomba wewe."

Fundi akafumba macho kwa mazoea. Kabla midomo haijacheza, akayafumbua.

"Nisaidie begi," mama akasema.

Akalichukua mara moja, akalibeba mpaka garini.